Uzi wa Kumi na Tatu

Kyoto, tarehe 3 Machi, mwaka wa 11 wa enzi ya Taishō

Kwa Bi Hamasaka Kuniyo, mwalimu wa shamiseni, Onomichi

Salamu. Huku theluji imeanguka tena wakati miplamu imeshachanua, na majirani wamepanga wanasesere wa sikukuu ya wasichana kwenye ngazi zao nyekundu. Nyumbani kwangu hatupangi. Nimeanza na majira ili usije ukasema mjane wa Ukita amesahau adabu za barua. Sasa tuingie kwenye shauri.

Bila shaka umesikia kwamba mume wangu, Mwalimu Ukita Teian, alifariki Novemba iliyopita. Rambirambi zako sijaziona.

Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mkuu, Bwana Isomura, alipita Onomichi, akakukuta kwenye shughuli ya hekalu unapiga shamiseni yako ya nyuzi tatu. Hukuimba. Ulipiga sehemu ya katikati tu ya wimbo unaoitwa, kama alivyoambiwa, "Theluji ya Machi". Isomura ni mtu ambaye hata akila tambi huhesabu anatafuna mara ngapi. Alihesabu mapigo yako: mia na tisa.

Unajua na mimi najua kwamba desturi ni mia na nne. Mtunzi mwenye akili timamu hachagui mia na tisa. Nimewahi kukutana na wimbo mmoja tu wenye idadi hiyo, nao ni "Mlango Wazi", wa koto la nyuzi kumi na tatu, alioutunga mume wangu. Inaimbwa nusu ya shairi, kisha koto linasema peke yake mapigo mia na tisa, kisha nusu iliyobaki. Hakuuandika popote. Alinifundisha mimi, kidole kwa kidole, na hakumfundisha mtu mwingine. Isomura mwenyewe hajaruhusiwa kuugusa.

Basi naomba unieleze umeupata wapi na kwa njia gani. Uliishi chini ya dari yangu miaka mitatu kama mwanafunzi wa ndani, ukala wali wangu, ukaondoka ukiwa na umri wa miaka kumi na minane. Sikujua kwamba uliondoka na kitu.

Pini yako ya nywele, ile yenye kengele, ninayo bado.

Ukita Orie


Onomichi, tarehe 12 Machi

Mama Mwalimu,

Huku bahari ni shwari na miplamu imeanza kupukutika. Naomba radhi kwa kuchelewa. Karatasi tatu za kwanza nilizitupa, kwa kuwa sitaki uone maandishi mabaya kutoka kwa mtu uliyemfundisha kushika brashi.

Rambirambi nilituma tarehe 20 Novemba, pamoja na ubani. Kifurushi kilirudi hakijafunguliwa. Juu yake palikuwa na mwandiko ninaoujua vizuri sana, umesema: "Hapokelewi."

Kuhusu wimbo. Sikuiba, nilipewa. Nilipewa miaka kumi na minane iliyopita. Wewe unasema ulifundishwa "Mlango Wazi", nami nakumbuka kusikia kwa watu kwamba ulianza kuupiga miaka kumi na mitatu iliyopita. Ukizihesabu hizo tarehe, Mama, utaona kwamba kama kuna mwizi, si mimi niliyekuja nyuma. Lakini sisemi kuna mwizi.

Nani alinipa, na kwa nini, siwezi kusema. Maneno yake pia siwezi kuyaimba mbele ya watu, ndiyo maana Bwana Isomura alisikia nyuzi tu.

Nami nina swali, unisamehe. Ni wewe unayeuliza, au ni Bwana Isomura? Alipokuwa hapa alimwambia mhudumu wa nyumba ya wageni kwamba kuna watu wa Osaka wanatafuta nyimbo za zamani za kutia kwenye santuri. Barua yako imekuja wiki mbili baadaye. Mtu aliyekaa kimya miaka kumi na tisa akianza kuuliza njia, mwenye nyumba hufunga mlango kwanza.

Aliyekuwa mwanafunzi wako,
Kuniyo


Kyoto, tarehe 2 Aprili

Bi Kuniyo,

Anayeuliza ni mimi. Isomura nimemwita, nimemkalisha chini, amekiri habari za santuri mpaka masikio yakamwiva. Hilo limekwisha. Lako ndilo linaanza.

Umesema ulipewa. Asante kwa kukiri. Nilitaka wizi, kwa sababu wizi ni jambo dogo, watu huombana radhi na kupelekeana keki za maharage. Sasa umenipa jambo kubwa zaidi.

Siku ya arobaini na tisa ya marehemu niliupiga "Mlango Wazi" mbele ya wageni. Alikuwepo jirani yetu, Bwana Kajii, mzee anayesahihisha mashairi ya nusu ya mtaa huu. Baada ya chai alinisogelea akaniuliza shairi lile lilitoka kitabu gani. Nikamwambia mume wangu alidai ni la kale, alilijua tangu utotoni. Alicheka kidogo. "Mama Ukita," akasema, "hili si shairi linalosimama peke yake. Hili ni jibu. La mwito liko wapi?"

Nakuandikia hapa, ingawa nadhani unalijua kuliko mimi:

Nisiyeona
theluji wala nyayo,
nasikiliza;
uje ama usije,
mlango sitafunga.

Sikulala siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Kila shairi alilolitia kwenye koto nilimsomea mimi, kwa sauti yangu, jioni, baada ya chakula. Hilo sikumsomea. Na mtu anayejibu ni lazima ameulizwa. Kuna mwanamke alimwandikia shairi lenye theluji na nyayo na mlango, maana jibu huchukua maneno ya aliyeita, hiyo ndiyo kanuni. Na kuna mtu alimsomea kipofu shairi hilo. Nani mwingine alikuwa na macho katika nyumba ile?

Nikaanza kukumbuka. Kila vuli, kwa miaka minne baada ya wewe kuondoka, alikwenda magharibi "kuloweka mikono kwenye maji ya moto". Onomichi haina chemchemi ya moto, lakini iko njiani.

Nikakumbuka na wimbo wenyewe. Katikati una mapengo. Koto hupiga, hunyamaza, hupiga tena. Mimi sipendi mapengo, na kila nilipojifunza niliyafupisha. Yeye alikuwa akinigusa kifundo cha mkono na kusema, "Bado, Orie. Ngoja." Nilidhani ni ladha yake ya uzeeni. Sasa najua alikuwa akimngojea nani aingie. Shamiseni yako ndiyo inayoingia humo. Mapigo mia na tisa kwa mia na tisa, yameshonwa pamoja kama bitana na kanzu. Na mwishoni kuna uzi wa kumi na tatu, ule mwembamba kuliko yote, unaopigwa mara tano peke yake. Unalia kama kengele ndogo. Wewe ulikuwa na kengele kichwani, ilisikika toka jikoni.

Na nikakumbuka asubuhi ile. Nilifungua mlango wa chumba cha mazoezi. Mmeinama juu ya koto, vichwa vimegusana. Nywele zako zimeachiwa mgongoni, na pini yako iko mkononi mwa mume wangu. Baada ya wiki moja nilikufungia mizigo yako.

Miaka yote hii nilijiambia kwamba huenda nilikuonea. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekishonea mfuko.

Tarehe 9 Novemba ni mwaka mmoja tangu afariki. Siku hiyo, mbele ya chama chote, natakiwa nimkabidhi Isomura "Mlango Wazi". Niandikie maneno ya wimbo wako kabla ya hapo. Kama ni mwito wa mwanamke kwa mume wangu, basi sitamfundisha mtu. Wimbo utakufa na mimi, na vizazi vya koto havitatumika kubebea barua zenu za mapenzi.

Orie


Onomichi, tarehe 20 Aprili

Mama Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilitaka kuichana. Mara ya tatu nilisikia huruma, na hilo nalo najua halitakufurahisha.

Naomba usiuue wimbo. Ukinichukia nitavumilia, nimezoea. Lakini ule wimbo ni nusu. Ukizika nusu yako, yangu haina maana tena, na kitu alichokitengeneza kwa miaka mingi kitakuwa kimetengenezwa bure.

Mwalimu alikuja Onomichi vuli nne, ni kweli. Aliniapisha, nami nilimwapia mbele ya madhabahu ya wazee wangu. Sharti lilikuwa hili: nisikupe maneno, hata ukiniomba kwa machozi, hata yeye akishakufa, mpaka wewe mwenyewe uandike au utamke jina moja. Kuna jina moja, Mama, ambalo hujaliandika katika barua hizi mbili. Liandike kwa mkono wako, na siku hiyo hiyo nitaketi nikujibu kila kitu.

Nikikutajia mimi, nitakuwa nimevunja kiapo. Alisema, "Nikimlazimisha atakimbia. Lazima aje mwenyewe."

Kuhusu pini, sababu yake ilikuwa ndani ya nyumba yako. Siwezi kuongeza.

Kuniyo


Kyoto, tarehe 28 Aprili

Bi Kuniyo,

Jina gani? Lako? Haya: Kuniyo, Kuniyo, Kuniyo. Nimeliandika mara tatu, na wino umenitosha. Au kuna mwingine ambaye wewe ulikuwa mpeleka barua wake tu? Nimemfikiria yule mpiga gambusi la biwa wa Nara, Bi Segawa, aliyekuwa akimtolea miiba ya samaki kwenye karamu. Nimemfikiria hata mjane wa duka la ubani. Umri huu wangu, miaka hamsini na mitatu, nakaa usiku nikipanga majina ya wanawake kama mtu anayepanga karata.

"Lazima aje mwenyewe." Nije wapi? Nilikuwa nimeketi naye chumba kimoja miaka ishirini na saba. Nilimvisha soksi. Nilimwambia lini mwezi umetoka.

Baada ya barua yako nilifungua kabati lake. Nyuma ya vidaraja vya akiba vya kuinulia nyuzi za koto nimekuta kijisanduku cha mti ambacho sikuwahi kukiona. Ndani mna kitambaa cha hariri kilichokunjwa vizuri, kinanukia kafuri, na hamna kitu. Kilichokuwemo kilikuwa kidogo, kitambaa bado kina umbo lake, la kutosha kiganja. Zawadi hiyo unayo wewe, sivyo? Kitana? Kioo?

Usinijibu. Nimemwambia Isomura aandae wimbo mwingine kwa ajili ya Novemba. Ameduwaa, lakini hakuuliza, ameanza kujifunza kuniogopa. "Mlango Wazi" nimeufunga.

Hii ni barua yangu ya mwisho.

Ukita Orie


Onomichi, tarehe 15 Juni

Kwa Bi Ukita

Mimi ni Hamasaka Yonezō, mume wa Kuniyo. Natengeneza siki. Sijui kuanza barua kwa maua na theluji, kwa hiyo naanza hivi: mvua ni nyingi na mapipa yanavuja.

Mke wangu hajui kwamba nakuandikia. Tangu mwisho wa Aprili hali chakula vizuri. Anafundisha, anarudi, anakaa na shamiseni mapajani bila kuipiga. Nilimuuliza, akasema ni mambo ya shule ya zamani. Juzi aliacha barua zako wazi nikazisoma. Nimeona unavyomfikiria.

Mama, mimi ni mtu mwenye wivu, mtaa mzima unajua. Yule mzee alipokuja mara ya kwanza nilifunga kiwanda mapema, nikaingia chumbani, nikakaa kati yao na mlango. Nilifanya hivyo vuli zote nne. Nilikuwa tayari kumtoa nje, kipofu au si kipofu. Basi nikuambie nilichokiona.

Niliona mzee akilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yakishuka tu na yeye anaendelea kupiga. Alikuwa na mtalawanda mdogo, kiatu cha mti cha mtoto, wa rangi nyekundu, ambao una kengele ndani ya kisigino. Aliutoa kwenye kitambaa, akaushika kwa vidole viwili, akaugonga sakafuni mara tano, polepole. Kisha akamwambia mke wangu, "Hivi. Si haraka hivyo. Miguu yake ilikuwa mifupi." Mke wangu akapiga. Akasema bado. Akaugonga tena. Walifanya hivyo siku nzima, mpaka mimi niliyekuja na wivu wangu nikaenda kuwapikia chai.

Safari ya nne aliuacha huo mtalawanda kwetu. Alisema nyumbani kwake hauwezi kukaa, utapatikana. Uko kwenye rafu ya madhabahu yetu, pembeni ya kibao cha marehemu mama yangu.

Kwa nini mtalawanda, mimi sijui, na mke wangu hasemi. Sisi hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo si wa kwetu. Nimeona niseme. Kama nimeharibu, nilaumu mimi, siki ikizidi ukali hatulaumu pipa.

Nakutumia chupa mbili.

Hamasaka Yonezō


Kyoto, tarehe 19 Juni

Kuniyo,

Huo mtalawanda, kamba yake ya mbele ni ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, na nyeupe imeshonwa upya kwa uzi wa buluu kwa sababu sikuwa na uzi mweupe siku ile?

Nilichoma yote miwili. Nilidhani nimechoma yote miwili.

Nijibu kuhusu mtalawanda wa Fuki.

Orie


Onomichi, tarehe 23 Juni

Mama,

Ndiyo. Uzi wa buluu upo.

Umeliandika jina. Nilipolifikia nililia mpaka Yonezō akaja mbio kutoka kwenye mapipa, ndipo akaniambia alichokifanya. Nimemkaripia, kisha nimemshukuru. Sasa naweza kusema.

Fuki alipofariki, mwezi wa tatu, theluji ilikuwa imeanguka nje ya wakati kama mwaka huu. Alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Siku ya saba baada ya maziko ulisimama mbele yetu wote, ukasema: "Atakayelitaja jina hilo humu ndani, nitatoka kwa mlango huo na sitarudi." Ulikusanya nguo zake, wanasesere wake, kila kitu, ukachoma uani. Mwalimu alikuwa ukumbini. Alisikia kengele ikidondoka kutoka kwenye rundo, akapapasa, akauficha mtalawanda mmoja kwenye mkono wa kimono. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Mwezi uliofuata Mwalimu alianza kusema koto lake linakohoa. Mimi sikusikia kitu. Yeye alisema kuna kitu kikavu ndani, kila akivuta uzi wa chini kinajikuna. Asubuhi moja tukaligeuza. Niliona karatasi kupitia tundu la chini, lakini vidole havikufika. Nikachomoa pini yangu. Yeye alishika pini na mimi nikaongoza mkono wake, karatasi ikatoka. Niliisoma kwa sauti kabla sijautambua mwandiko. Nilipoutambua, nilikuwa nimeshamaliza. Ndipo wewe ukafungua mlango.

Mama, hayo ndiyo maneno ya wimbo wangu. Unayajua. Uliyaandika na kuyaficha mahali ulipodhani kipofu hatafika:

Viatu vyako
vingali mlangoni;
theluji hii
imeanguka bure:
haina nyayo zako.

Nilitaka kukueleza siku ile ile. Mwalimu alinikataza. Alisema, "Akijua tumeisoma ataondoka, alikwisha kuapa, na Orie hajawahi kuvunja neno lake." Uliponifungia mizigo aliniambia kwenye ukumbi, kwa sauti ya chini, kwamba ananiomba nibebe aibu ile kwa muda. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilidhani muda ni miezi.

Vuli alipokuja Onomichi alikuwa ameshatunga. Alisema, "Orie ameandika barua asiyotaka isomwe. Nami nitamjibu kwa njia ambayo hawezi kuirudisha." Shairi lako alilitia kwenye shamiseni, akanipa mimi, ili maneno yako yatoke nje ya nyumba na yasikufukuze. Shairi la kujibu alilitunga yeye, akalitia kwenye koto. Ilimchukua miaka mitano kulikamilisha. Kisha akaliweka mikononi mwako. Mapigo matano yaliyozidi ni hatua za Fuki kutoka kwenye mkeka wenu wa kulia chakula mpaka mlangoni, alipokuwa akisikia baba anarudi. Mwalimu alizihesabu kwa kengele. Uzi wa kumi na tatu si pini yangu.

Aliamini kwamba siku moja utachoka kufupisha mapengo, uulize kuna nini humo, naye akuambie. Kila mwaka nilingoja barua yake kwamba umeuliza.

Kuniyo


Kyoto, tarehe 21 Oktoba

Kuniyo,

Nimechukua miezi minne kukujibu, na sina udhuru. Nilianza barua kumi. Zote zilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Kwanza niligeuza koto. Nilitia mkono kwenye tundu, na pini yako, kwa kuwa kweli vidole havifiki. Hamna kitu. Miaka kumi na tisa niliamini karatasi yangu imelala humo, na kila niliposikia koto lile likilia nilijiambia, angalau baba na mtoto wanakaa pamoja.

Kisha nilikwenda kwa Bwana Kajii nikampa mashairi mawili, moja juu ya jingine, bila kusema ni ya nani. Alisoma, akavua miwani. Nikamuuliza: jibu hupelekwa kwa nani? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji hushuka upande gani. "Kwa aliyetuma, Mama Ukita. Kwa nani mwingine?"

Mtoto wa miaka kumi anayejifunza mashairi anajua hilo. Mimi nilimtafuta mwanamke aliyefunguliwa mlango ule toka Nara mpaka Onomichi, nikawachafua watu wema, nikarudisha ubani wako. Na alikuwa anasema nami. Uje ama usije. Aliniimbisha mwenyewe maneno hayo miaka kumi na miwili, amekaa mbele yangu na mikono magotini, akisikiliza kama leo nitakuja. Mimi nikafikiri anasahihisha sauti yangu.

Ninamkasirikia pia, nisikufiche. Angeweza kunishika bega akasema "Fuki" mara moja. Ningetoka kwa mlango ule, ni kweli. Labda ningefika kwenye kona ya muuza tofu nikarudi. Hatutajua. Alikuwa mwoga na mimi nilikuwa mkali, na katikati yetu tukakuweka wewe ubebe. Kwa hilo nainamisha kichwa mpaka kwenye mkeka. Sitakuomba unisamehe kwa barua.

Sasa sikiliza mipango. Tarehe 9 Novemba ukumbi ni ule ule wa hekalu letu. Panda treni ya tarehe 7, njoo na mumeo. Siki yake ni nzuri, nimeloweshea figili, mwambie. Chumba chako cha zamani nimekifungua na kubadilisha karatasi za milango. Lete mtalawanda. Nitauweka mbele ya picha ya baba yake, na wanasesere nimeagiza, ingawa duka limeshangaa mtu kuagiza wanasesere wa Machi mwezi wa kumi.

Isomura atakaa mstari wa mbele na kuhesabu apendavyo. Baadaye nitamfundisha, naye ataufundisha mbele, lakini kwa masharti yangu: hautapigwa tena koto peke yake. Kwenye karatasi ya mpango wa siku nimeandika kwa mkono wangu: *Muziki wote, Ukita Teian. Shairi la mwito, Orie, mama wa Fuki. Shairi la jibu, Teian, baba wa Fuki.* Bwana wa kuchapa aliuliza kama jina la mtoto limewekwa kwa makosa.

Utapiga shamiseni lakini maneno yangu nitayaimba mwenyewe. Ya kwake uimbe wewe, nataka niyasikie yakinijia kutoka kwa mtu mwingine. Pini yako nitakupa mkononi, nimeisugua, kengele bado inalia.

Jambo moja la mwisho, la kazi. Ukifika kwenye hatua zile tano usiharakishe kwa ajili yangu. Nimezoea kufupisha, na mkono una mazoea yake, lakini nimeanza kufanya mazoezi. Nakaa na koto asubuhi, nafika kwenye pengo, natoa mkono kwenye nyuzi na kuuweka gotini.

Chukua muda wote unaotaka. Mimi nitangoja.

Orie